Sura ya Tisa: Tundu Juu ya Alama

Stoo waliyomfungia mtangazaji haikujengwa kwa ajili ya mtu. Ilikuwa ya Kituo cha Ithibati, mahali ambapo waandishi wa habari kutoka kila pembe ya dunia walikuwa wakija kuchukua kadi zao za kuingilia kwenye Mashindano. Ndani mlikuwa na maboksi ya fomu yaliyopangwa hadi darini, feni iliyokufa, viti viwili, na meza iliyovunjika mguu mmoja ikaegemezwa kwa tofali. Dirisha hakuna. Mlango ulifunguliwa kwa nje tu. Kila Inspekta alipotaka kutoka ilibidi agonge na kusubiri askari wa nje amalize alichokuwa akifanya, na askari huyo alikuwa mtu wa kumaliza mambo polepole. Jambo hilo lilimkera tangu mara ya kwanza, na hii sasa ilikuwa ya tano.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Saa kumi na mbili gari la mahabusu lingeegeshwa pale nje, na mtangazaji angepanda, awe amesaini maelezo au hajasaini. Hivyo ndivyo Mkuu alivyosema kwenye simu, tena bila salamu. Ufunguzi ulikuwa saa moja, wageni wakubwa wangekuwa jukwaani, na Mkuu hakutaka mtu amwinamie sikioni amuulize kama mwizi amepatikana. Mwizi yupo, alisema, kadi yake imemtaja, sasa wewe unachunguza nini?

Na ukitazama karatasi, Mkuu hakukosea. Saa nne na dakika kumi na nne asubuhi ya siku hiyo, mtu alipita Geti B la uwanja, akaenda hadi eneo la mahojiano, pale wanariadha wanapokutana na waandishi, akatoka baada ya dakika kumi na mbili. Katika dakika hizo jalada la matibabu la mkimbiaji wa mita mia nane lilitoweka mezani kwa daktari, mlango wa pili kutoka hapo. Kufika saa sita mchana kurasa zake zilikuwa kwenye tovuti moja ya habari, na mhuri wa daktari juu: moyo wa binti una kasoro, na amekuwa akiificha. Juu ya habari paliandikwa yale maneno ya siku zote, Na Mwandishi Wetu. Nusu saa baadaye binti alijitoa mashindanoni, akajifungia bafuni, na mpaka sasa kocha wake alikuwa bado anaongea na mlango. Mfumo wa geti ulikuwa umenasa namba ya kadi. Na kadi yenye namba hiyo walimkuta nayo mtangazaji wa redio kutoka nchi jirani, inaning'inia shingoni, anakula mkate kwenye ukumbi wa waandishi.

Sheria ya Usalama wa Mashindano ilikuwa na umri wa miezi minne tu, na ilikuwa na hasira za kitoto. Kuiba ndani ya eneo lililofungwa ni miaka saba, na dhamana haipo.

Mtangazaji alikuwa mtu mnene, amekaribia miaka hamsini, kipara kinang'aa, na ile sauti nzito ya redioni ilikuwa imejaa stoo nzima hata alipojaribu kunong'ona. Inspekta alimtaka aeleze tena, tangu mwanzo, alivyoipata kadi. Akaeleza kwa mara ya tatu bila kubadilisha neno. Ombi lilipelekwa na mhariri wake mwaka mzima kabla. Mwandishi hajiombei mwenyewe, chombo chake ndicho kinachoomba, na kamati ya taifa lao ilikuwa imepewa nafasi kumi na mbili kwa nchi nzima, redio, magazeti na runinga wagombanie humohumo. Redio yao ikapata moja. Zikatakiwa nakala ya pasipoti, barua ya kazi na picha isiyozidi miezi sita. Yeye alikuwa safarini, kwa hiyo mhariri akafukua faili la ofisi na kutuma picha aliyoikuta, ya miaka kumi iliyopita, wakati mtangazaji alikuwa bado na nywele na mashavu ya mtu wa kawaida. Polisi wa huku wakapekua jina lake. Barua ikarudi kwamba amekubaliwa, aje na pasipoti achukue kadi yake mkononi.

"Nimefika hapa saa mbili," alisema. "Nimepewa namba, mia mbili na kumi na mbili. Nimekaa kwenye benchi mpaka matako yakafa ganzi. Kadi nimeipata saa tano kasorobo. Sasa afande, saa nne niliingiaje uwanjani na kadi ambayo sijapewa?"

"Mfumo unasema ulikabidhiwa saa moja na dakika tano."

"Saa moja nilikuwa hotelini nanyoa ndevu."

"Nani alikuona?"

"Nanyoa ndevu, afande. Wewe ukinyoa huwa unaita mashahidi?"

Ile karatasi ya namba wanaichukua dirishani wakikupa kadi. Na kule madirishani, wanawake watatu na msimamizi wao walikuwa wameulizwa mmoja mmoja, na wote wanne walijibu kitu kimoja: mfumo haukosei. Inspekta hakupenda jinsi walivyojibu kwa pamoja. Watu wanne wakikumbuka kitu kwa maneno yaleyale, ama wameona vizuri sana au wamekaa kikao.

Alipoinuka kugonga mlango, mtangazaji alimuuliza kama saa moja atakuwa ametoka. Alikuwa na matangazo ya moja kwa moja. Mama yake haoni, alieleza, na hana simu anayoiamini. Anamfuata mwanawe kwa redio tu, popote alipo, na akimsikia mtangazaji mwingine kwa saa yake anajua kuna jambo. "Ni mzee, afande. Moyo wake si wa kuchezea." Inspekta aligonga mlango, akasubiri.

Ukumbini, kati ya madirisha na ukuta wa nyuma, shemeji yake alikuwa anamsubiri na chupa ya chai.

Shemeji huyu alikuwa kaka mkubwa wa mkewe, na ndiye aliyeendesha mashine ya kutia kadi plastiki. Alikuwa mwandishi wa gazeti miaka kumi na tisa, hadi gazeti lilipofungwa mwaka jana. Siku ya mwisho wenzake waligombania mafao kwa maneno makali, yeye akaingia stoo ya ofisi, akabeba katoni moja ya vibanio vyeusi vya karatasi, akatua nayo nyumbani kwa Inspekta pamoja na begi la nguo. Hiki ndicho kiinua mgongo changu, alisema, na nyumba nzima ikacheka. Tangu hapo hakuna mfuko nyumbani uliobaki wazi. Unga umebanwa, sukari imebanwa, pazia la chumba cha watoto limebanwa. Kazi hii ya mashine Inspekta ndiye aliyemtafutia.

Alimimina chai, akatoa pakiti ya biskuti iliyokunjwa mdomo na kubanwa.

"Shemeji, hata biskuti umezifunga pingu," Inspekta alimtania.

"Zina kesi. Zilijaribu kutoroka." Shemeji alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mlango wa stoo. Aliuliza yule bwana anasemaje. Kisha, kama mtu anayekumbuka tu, akasema kuna mpiga picha mmoja aliyenyimwa nafasi, jana alikuja hapa akatukana kila mtu, akaapa ataingia uwanjani hata kwa kupitia darini. Yeye angekuwa Inspekta, alisema shemeji, angeanzia huko.

Inspekta akaanzia huko, na dakika arobaini zikapotea. Mpiga picha alipatikana kwa simu ya tatu, hospitalini, na hakuweza kuongea vizuri. Jino lake la nyuma lilikuwa limeng'olewa saa nne kamili asubuhi hiyo, na daktari wa meno mwenyewe alichukua simu akathibitisha kwa furaha ya mtu aliyeshinda pambano.

Saa kumi kasoro dakika kumi Inspekta alikuwa Geti B. Kibanda cha mlinzi kilikuwa cha bati na jua lilikuwa limeshakipika vya kutosha. Mlinzi alisema yaleyale aliyoandika kwenye maelezo yake: kadi ilipita, taa ikawaka kijani, picha ikatokea kwenye skrini, akatazama picha, akatazama mtu, vikafanana. Inspekta akamwonyesha kwenye simu picha ya mtangazaji aliyompiga mchana huo, kipara na mashavu. Mlinzi akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndiye," alisema. Kisha akasema, "Nina watoto wanne, afande."

"Sijakuuliza una watoto wangapi. Kadi aliivaa vipi?"

"Mfukoni. Hapa kifuani."

"Si shingoni?"

"Hakuwa na kamba. Nilimwambia kamba ni lazima, akasema zimeisha, zinaletwa. Aliongea vizuri, mtu wa heshima. Kadi aliibana tu mfukoni na kidude."

"Kidude gani?"

Mlinzi akaonyesha kwa vidole viwili, kitu kidogo kinachofunguka na kufunga. Cheusi, alisema. Inspekta alimuuliza yule mtu alikuwa na nywele au kipara. Mlinzi aliangalia chini, akajibu kwamba sasa anapofikiria vizuri, alikuwa na nywele.

Alirudi kituoni kwa miguu, polepole, na kadi ya mtangazaji ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni mfukoni mwake. Kichwani kilikuwa kimeshaingia kitu ambacho hakutaka kukitazama. Kwa hiyo alitazama kingine. Aliingia moja kwa moja kwa msimamizi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akafunga mlango, akaomba orodha ya kadi zote zilizokabidhiwa siku hiyo.

Ilikuwa kurasa saba. Hakuhitaji kwenda zaidi ya mbili za mwanzo. Kati ya saa moja kamili na saa moja na dakika nane, kadi mia moja na arobaini zilikuwa zimekabidhiwa.

"Mama, mlango wa mbele unafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na hawa mia na arobaini waliingilia wapi?"

Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alifanya hivyo mara mbili. Kisha akaanza kulia kidogokidogo bila kelele, kama mtu aliyeichoka siri yenyewe. Mfumo unakuwa mzito kuanzia saa tatu, alisema. Kuwasha kadi moja kunachukua dakika sita, wakati mwingine kumi, na foleni imefika barabarani, na Wazungu na Waarabu na Wachina wote wanapiga meza. Kanuni inasema kadi iwashwe mbele ya mwenyewe, baada ya kuonyesha pasipoti. Wao wanakuja mapema kabla ya mlango kufunguliwa, mfumo ukiwa mwepesi, wanaziwasha kwa mafungu. Wanaita kupasha kiporo. Mfumo unahesabu kadi ikiwashwa ndiyo imekabidhiwa. Wote wanajua, wote wanafanya, na wote walikubaliana kunyamaza, kwa sababu aliyesema angewafukuzisha wote.

"Kuna mtu anakwenda miaka saba kwa kiporo chenu," Inspekta alimwambia.

"Tulidhani nyie mtaligundua bila sisi kusema."

Hasira zilimpanda, akazimeza, kwa kuwa swali lililofuata lilihitaji sauti ya kawaida. Alimtaka amweleze njia ya kadi, hatua kwa hatua. Msimamizi akaeleza. Inawashwa asubuhi na mapema kwenye kompyuta. Inachapwa, inakaa kwenye trei. Namba ya mtu ikikaribia, kadi inapita kwenye mashine ya plastiki, inatoka ya moto, inapumzishwa dakika mbili tatu hadi plastiki ikaze. Kisha inakwenda dirishani. Pale dirishani, mwenyewe akishasaini, ndipo inatobolewa tundu na kutiwa kamba. Kamba zinahesabiwa, kila moja ina namba. Bila sahihi hutoki na kamba.

Inspekta aliutoa mfuko wa nailoni akauinua kwenye mwanga. Juu ya kadi, karibu na ukingo, palikuwa na alama mbili fupi zilizodidimia, zimekaa sambamba, pana kama ukucha wa kidole gumba. Aliziona tangu mchana akadhani ni mikwaruzo. Tundu la kamba lilikuwa limekata katikati ya alama moja. Kipande cha alama kilikuwa kushoto kwa tundu, kingine kulia.

Akamwonyesha msimamizi, akamuuliza kipi kilitangulia. Mama yule aliitazama kwa jicho la kazi, akasema bila kufikiri kwamba alama ndiyo iliyotangulia, tundu limekuja juu yake. Tena hiyo alama imeingia plastiki ikiwa bado laini, alisema, ikishapoa huwezi kuididimiza hivyo hata ukiikanyaga.

Basi ikawa hivyo. Mtangazaji alipewa kadi iliyotobolewa tayari. Aliyeibana aliibana kabla ya tundu, na dakika moja au mbili baada ya mashine.

"Hapa mnatumia vibanio vya chuma?"

"Hapana. Mifuko ya plastiki na raba tu. Chuma tulikataza, kinakwaruza rola za mashine."

"Na mashineni yupo nani?"

Msimamizi alimtazama kwa mshangao. "Si shemeji yako? Yuko peke yake. Ila saa nne aliomba ruhusa kidogo, alisema tumbo."

Inspekta aliomba fomu ya upekuzi ya mfanyakazi huyo. Aliijua itakavyoonekana kabla haijafika. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kikosi kilichopekua majina ya watu mia tisa, akarudisha wengine kwa tarehe moja ya kuzaliwa isiyolingana, akajisifu nyumbani kwamba hapiti hata inzi. Hii moja aliijaza na kuisaini kwenye meza ya chakula, shemeji akiwa anamenya chungwa upande wa pili. Mdhamini: jina lake. Maoni ya mdhamini: namfahamu binafsi. Swali la kumi na nne, je, mwombaji amewahi kunyimwa ithibati ya Mashindano haya? Hapana. Chini ya kidole chake, kwenye orodha ya kamati iliyokuwa kwenye faili jingine, jina la shemeji lilikuwa la tatu miongoni mwa waandishi walionyimwa. Aliomba kupitia tovuti ndogo isiyojulikana, na nafasi zikawa zimeisha.

Ilikuwa tovuti ileile.

Simu ikaita. Mkewe. Alitaka kujua kama watarudi pamoja na kaka baada ya ufunguzi, maana watoto wamekataa kulala hadi mjomba awasimulie. Na kama watapita dukani, sukari imebaki kidogo, mfuko umebaki kibanio tu. Inspekta akasema sawa. Mkewe akauliza mbona sauti hiyo, akasema ni uchovu.

Alikaa pale na faili magotini, na aliogopa. Si vibaya kusema wazi. Aliogopa kuliko siku aliyoelekezewa bunduki, kwa sababu siku ile mwenye bunduki alikuwa mtu asiyemjua. Hakuna mtu mwingine aliyejua habari za vibanio. Mlinzi alijua kidude cheusi, msimamizi alijua alama, na hakuna kati yao aliyewahi kufungua sukari nyumbani kwake. Angeweza kuandika kwamba alama haikuwa na maana. Mkuu angefurahi, gari lingekuja, na mke wake angebaki na kaka, na yeye angebaki na cheo chake. Stoo ingekuwa na mtu mmoja tu asiyemhusu. Aliwaza hivyo kwa dakika nzima, na alipomaliza aliona aibu, lakini hofu haikuondoka.

Saa kumi na moja na robo. Alikwenda mashineni.

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo kuliko stoo, na chenye joto zaidi. Shemeji alikuwa anapitisha kadi za mwisho, amekunja mikono ya shati, na mfukoni mwa shati hilo kalamu mbili zilikuwa zimebanwa zisidondoke. Inspekta alisimama mlangoni, akaujaza mlango. Alinyoosha mkono, akatoa kile kibanio, kalamu zikaanguka, akakiweka juu ya mfuko wa nailoni. Midomo ya kibanio ikakaa kwenye alama mbili bila kuzidi wala kupungua.

Shemeji hakujifanya. Alizima mashine kwanza, kama mtu anayejua kwamba hatarudi kuizima.

"Kwa nini yake?" Inspekta aliuliza.

"Picha. Nilikuwa nimepitisha sura kama elfu mbili wiki hii, hiyo ndiyo iliyofanana na mimi. Niliiona kwenye trei leo asubuhi. Nikaiweka pembeni hadi saa nne, na niliporudi nikaipeleka dirishani."

"Ulijua atakamatwa?"

"Nilijua mtamuuliza. Nilidhani ile saa moja mtaicheka, mtaona ni uongo, mtamwachia." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Miaka kumi na tisa, shemeji. Halafu nakaa hapa nawatengenezea kadi watoto wasiojua hata kuuliza swali. Ile habari niliisikia kwa daktari mwenyewe, anaongea na simu hapo dirishani. Ilikuwa habari. Wewe unajua ilikuwa habari."

"Binti yuko bafuni, hafungui mlango."

Shemeji akainama, akaokota kalamu moja. Kisha akasema, "Hata jina langu halikuwepo. Mwandishi Wetu."

"Na ulipoona wamemfunga huyu wa watu?"

"Nikakuletea chai."

Inspekta alimwambia kwamba alimpeleka kwa mpiga picha makusudi, na shemeji akakubali kwa kichwa. Halafu akauliza kitu ambacho Inspekta alikuwa anakisubiri tangu aingie.

"Utamwambia nini dada?"

Inspekta alitoa pingu. Askari wake alikuwa mmoja tu, na yule alikuwa mlangoni kwa stoo, kwa hiyo alifanya kama walivyofundishwa ukiwa peke yako: pingu moja kwenye mkono wa kushoto wa shemeji, ya pili kwenye mkono wake mwenyewe wa kulia. Ikalia mara mbili. Wakatoka pamoja ukumbini, na wanawake watatu wa madirishani wakaacha kuandika.

Mkuu alisikiliza kwenye simu bila kukatiza. Aliuliza kama Inspekta anajua jina la mdhamini kwenye hiyo fomu. Inspekta akasema anajua, ameshaiweka fomu kwenye jalada, ukurasa wa kwanza. Mkuu akakata.

Askari alifungua stoo. Mtangazaji alisimama polepole, akaona pingu, akaona nani kafungwa na nani, na kwa mtu anayeishi kwa kuongea alijitahidi sana kutosema kitu. Inspekta alimrudishia pasipoti na kumwambia yuko huru. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Mtangazaji akapiga hatua tatu kuelekea mlango mkubwa, akasimama, akajipapasa kifuani.

"Kadi yangu, afande."

Kadi yake ilikuwa kidhibiti. Ilikuwa na alama mbili na tundu moja, na ingekwenda mahakamani. Bila kadi hapiti hata geti la maegesho. Inspekta alimgeukia msimamizi, ambaye alisema wanaweza kuchapa nyingine, mfumo umeshapungua watu, picha ipo. Kisha akaelekeza macho kwenye mlango wa chumba cha mashine, akaona aibu kumaliza. Aliyejua kuiendesha alikuwa mmoja.

Inspekta alifikiria kuifungua pingu. Hakuifungua.

Wakarudi kwenye kile chumba cha joto wakiwa wameunganishwa. Shemeji akawasha mashine kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukaenda ulikohitajika, na mkono wa Inspekta ukaufuata. Ukainuliwa pamoja nao, ukashushwa, ukasogezwa karibu na rola hadi vinyweleo vyake vikahisi moto. Msimamizi aliwasha kadi mbele ya mwenyewe, baada ya kuona pasipoti, kama kanuni inavyotaka. Ilichukua dakika tisa. Kadi ikatoka. Mtangazaji akanyoosha mkono aichukue.

"Bado," alisema shemeji. "Ni ya moto. Subiri ikaze."

Wakasubiri dakika tatu nzima, wanne ndani ya chumba cha watu wawili. Shemeji aliigusa kwa ncha ya kidole, akaigusa tena, akaridhika. Akaitoboa tundu katikati kabisa, akapitisha kamba, akamvisha mtangazaji shingoni kwa mikono yote miwili, yaani mitatu, na akainyoosha kifuani isikae upande.

"Inasomeka," alisema.

Mtangazaji alimtazama. "Mama yangu ananisikiliza saa moja," alimwambia, si kwa hasira, kama mtu anayetoa taarifa tu. Akatoka. Walisikia hatua zake kwenye korido, kwanza za kutembea, kisha za kukimbia.

Mfukoni mwa Inspekta simu ikaanza kuita tena. Ilikuwa mfuko wa kulia. Ilibidi amvute shemeji karibu ili aifikie, bega kwa bega, hata jina lililowaka kwenye kioo wote wawili walilisoma. Shemeji akageuza uso ukutani.

Aliipokea. Mkewe alisema anaona watu wameanza kuingia uwanjani kwenye runinga, watoto wanamtafuta mjomba kwenye picha. Kaka yuko na wewe?

"Yuko na mimi," alisema Inspekta. "Keti kwanza, mama watoto. Keti, halafu nikwambie."